Arthur Wharton: Mlinda Lango Aliyetoka Pwani ya Dhahabu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Arthur Wharton alicheza ugenini, akashangiliwa na umati wa watu, lakini alipofariki alizikwa katika kaburi lisilokuwa na hata jiwe la jina. Askari wengi wapendao kandanda hawajapata kulisikia jina hilo, ingawa ndiye anayehesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza duniani kucheza mpira kwa malipo.

Alizaliwa mwaka 1865 huko Jamestown, mjini Accra, katika nchi iliyoitwa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka kisiwa cha Grenada. Mama yake alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante. Katika miaka ya 1880 alipelekwa Uingereza kusomea kazi ya dini. Alipofika Darlington, moyo wake ulivutwa na uwanja wa michezo kuliko mimbari.

Mwezi Julai 1886 alishinda mbio za yadi 100 katika mashindano ya ubingwa wa Uingereza mjini London, kwa muda wa sekunde 10 kamili. Mwaka uliofuata aliutetea ubingwa huo. Wakati huo huo alikuwa mlinda lango wa Darlington, kisha wa Preston North End, timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Uingereza mwaka 1887. Ikumbukwe kwamba siku zile sheria iliruhusu mlinda lango kupigwa kikumbo hata kama hana mpira mikononi. Kazi hiyo ilitaka ushujaa, na Wharton hakuukosa.

Mwaka 1889 alijiunga na Rotherham Town kama mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1894 alihamia Sheffield United, na mwaka 1895 akacheza katika ligi daraja la kwanza, akiwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Alistaafu mwaka 1902 akiwa na Stockport County.

Baada ya hapo sifa zilinyamaza. Bingwa yule akawa kibarua katika mgodi wa makaa ya mawe huko Edlington, na mwezi Desemba 1930 alifariki akiwa maskini. Ilipita miaka 67 kabla ya kaburi lake kuwekewa jiwe, mwaka 1997, kwa juhudi za watu waliopinga ubaguzi wa rangi katika michezo. Mwaka 2014 sanamu yake ilisimamishwa St George's Park, kituo cha mazoezi cha timu ya taifa ya Uingereza.

Sisi tuvaao sare tuna la kujifunza hapa. Nguvu za ujana ni akiba ya muda mfupi, na makofi ya watazamaji hayamlishi mzee. Basi kila askari na ajiandalie siku zake za kustaafu angali kazini. Nasi tunaobaki, tusingoje miaka 67 kuyatunza makaburi ya wenzetu waliotumika kwa uaminifu.