Goldschmidt: Bingwa wa mawe aliyenusurika gatini

ALFAJIRI ya Novemba 26, 1942, mamia ya Wayahudi wa Norway walikuwa wamekusanywa gatini mjini Oslo, wakisubiri kupandishwa kwenye meli ya Kijerumani iliyoitwa Donau. Miongoni mwao alikuwamo profesa mmoja wa umri wa miaka 54, mgonjwa, ambaye jina lake lilijulikana katika vyuo vikuu vyote vikubwa vya Ulaya.

Profesa huyo alikuwa Victor Moritz Goldschmidt. Ni yeye aliyeufundisha ulimwengu kanuni inayoeleza kwa nini baadhi ya madini yasiyopitisha umeme hujipanga jinsi yanavyojipanga. Leo hii, watu wengi wanaobeba simu mfukoni wananufaika na madini ya aina hiyo bila ya kulijua jina lake.

Goldschmidt alizaliwa Januari 27, 1888 mjini Zürich, Uswisi, akiwa mtoto wa mwanakemia Heinrich Goldschmidt. Mwaka 1901 familia ilihamia Kristiania, mji ambao baadaye uliitwa Oslo, baada ya baba kupewa kiti cha uprofesa huko.

Kijana huyo aliyapenda mawe tangu mapema. Mwaka 1911 alipata shahada ya udaktari kwa utafiti wake wa jinsi miamba inavyobadilika kwa joto, na mwaka 1914, akiwa na miaka 26 tu, akawa profesa kamili.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Norway ilikosa malighafi nyingi zilizokuwa zikiagizwa kutoka nje. Serikali ikamkabidhi kazi ya kutafuta mbadala ndani ya nchi. Kazi hiyo ilimfanya aulize swali kubwa zaidi: ni nini kinachoamua elementi fulani ikae katika jiwe hili na si katika jiwe lile?

Jibu alilipata kwa kutumia mionzi ya eksirei. Yeye na wasaidizi wake walipima ukubwa wa ioni, yaani atomu zenye chaji, kutoka katika mamia ya fuwele. Mwaka 1926 alitangaza kwamba mpangilio wa fuwele hutegemea zaidi uwiano wa ukubwa wa ioni hizo.

Mfano wake maarufu ulihusu jamii ya madini iitwayo perovskaiti. Jiwe la kwanza la jamii hiyo liligunduliwa katika milima ya Ural, nchini Urusi, na kuelezwa mwaka 1839 na Mjerumani Gustav Rose, aliyelipa jina la Lev Perovski, kiongozi wa Kirusi aliyependa kukusanya madini.

Katika oksidi za jamii hii kuna metali mbili na oksijeni. Metali ndogo hukaa katikati ya kizimba cha oksijeni sita, na ile kubwa hukaa katika nafasi iliyobaki baina ya vizimba. Goldschmidt alitoa hesabu fupi ya kupima kama metali hizo zitatoshana. Jibu likikaribia 1, fuwele husimama sawasawa. Likipungua, vizimba huinama. Likizidi kidogo, metali ndogo hupata nafasi ya kusogea.

Umuhimu wa nafasi hiyo ndogo ulionekana wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale madini ya ulanga yaliyotumika katika kapasita za redio yalipokuwa adimu. Watafiti wa Marekani, Urusi ya Kisovieti na Japani, kila kundi kivyake, waligundua kwamba titaneti ya bari huhifadhi chaji ya umeme kwa kiwango kikubwa mno.

Bari ni kubwa, hivyo hupanua kizimba, na titani iliyo ndani husogea upande mmoja. Umeme haupiti, lakini kila kizimba hupata ncha chanya na ncha hasi. Hali hiyo hutoweka joto likizidi nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Simu moja ya kisasa huwa na mamia ya kapasita ndogo zilizotengenezwa kwa oksidi hiyo.

Wakati wengine wakivuna matunda hayo, Goldschmidt mwenyewe alikuwa akiwindwa. Mwaka 1929 alikuwa amehamia chuo kikuu cha Göttingen, Ujerumani, lakini mwaka 1935, chuki dhidi ya Wayahudi ilipozidi, alijiuzulu na kurudi Oslo. Wanazi wakaivamia Norway Aprili 1940.

Inasimuliwa kwamba alitembea na kidonge cha sumu mfukoni, na mwenzake mmoja wa fani ya mekanika alipomwomba naye apewe, alimjibu kwa mzaha kuwa sumu ni ya wanakemia, wa mekanika watumie kamba.

Oktoba 1942 alikamatwa na kupelekwa katika kambi ya Berg. Aliachiwa kwa muda kutokana na ugonjwa, kisha akakamatwa tena. Pale gatini, aliondolewa katika msururu dakika za mwisho, baada ya wenzake wa chuo kikuu kuwashawishi wakuu wa polisi kwamba elimu yake ingali inahitajika nchini.

Wengine hawakuwa na wa kuwatetea kwa hoja kama hiyo. Meli iliondoka na watu zaidi ya 500, wake kwa waume na watoto, na wengi wao waliuawa Auschwitz.

Desemba mwaka huo, wapinzani wa Wanazi walimvusha hadi Sweden, na mwaka 1943 akafika Uingereza, ambako alifanya utafiti wa udongo. Alirejea Oslo mwaka 1946 akiwa amedhoofika sana, akafariki Machi 20, 1947. Kitabu chake kikuu cha jiokemia kilichapishwa mwaka 1954, baada ya wengine kukikamilisha.

Hakuwahi kuoa wala hakuacha mtoto. Alichoacha ni hesabu yake fupi, ambayo wanaotafuta oksidi mpya kwa ajili ya vifaa vya umeme wangali wakiianzia kazi yao. Walioondoka na Donau hawakupewa nafasi ya kuonyesha ambacho wangeuachia ulimwengu.