Tom Mboya, bwana afya aliyeanzia siasa katika ofisi za Jiji la Nairobi

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuwachagua wenyewe wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu. Wengi wa waliovipata walikuwa wamepitia kazi ya ualimu, kama Ronald Ngala wa Pwani na Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa. Kiti cha Nairobi kilikwenda kwa kijana wa miaka 26 ambaye miaka michache tu kabla yake alikuwa bwana afya wa jiji, akipima maziwa na kukagua usafi.

Thomas Joseph Mboya anakumbukwa zaidi kwa namna alivyokufa. Jinsi alivyoingia katika siasa husimuliwa kwa nadra, ingawa bila kuijua sehemu hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini watu wa makabila mbalimbali walimfuata, na kwa nini wakubwa wenzake walimwogopa.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na mlima wa Kilimambogo, mbali sana na kwao Kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ameacha ziwa na kwenda kufanya kazi katika shamba la mkonge la mlowezi. Kambi za mashamba ya namna hiyo zilichanganya watu wa kila upande, hivyo mtoto huyo alikua akisema Kikamba na Kiswahili pamoja na lugha ya wazazi wake. Akasomea shule za misheni za Kikatoliki: Kabaa katika Ukambani, Yala katika Nyanza, kisha Mang'u. Katika Mang'u masomo yakamwendea vizuri lakini fedha zikaisha. Kulikuwa na wadogo waliongojea zamu yao ya kusoma, na ujira wa baba haukutosha wote.

Mwaka 1948, akiwa na miaka 17, aliingia katika chuo cha mabwana afya huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Huko ndiko alikochaguliwa kwa mara ya kwanza kushika wadhifa: wenzake walimpa uongozi wa baraza la wanafunzi, akiwa bado katika umri wa ujana wa mwanzo. Baraza la chuo ni jambo dogo, na mara nyingi husahaulika siku ya kuhitimu. Kwake lilikuwa mahali pa kujifunza kuendesha mkutano, kuandika kumbukumbu, na kupeleka malalamiko kwa mkubwa bila kupiga kelele wala kupiga magoti. Ustadi huo haukumtoka tena.

Alipohitimu aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi. Jiji lenyewe lilikuwa limepewa hadhi hiyo mwaka 1950, na utaratibu wake ulikuwa wa rangi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Bwana afya Mwafrika alifanya kazi ileile ya mwenzake Mzungu kwa mshahara uliokuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzake. Mboya mwenyewe alisimulia baadaye kisa cha mwanamke wa Kizungu aliyeingia ofisini na sampuli ya maziwa, akamwona kijana huyo amesimama kazini, kisha akauliza kama kuna mtu yeyote humo ndani. Kijana akamuuliza iwapo macho yake yana kasoro. Mwanamke huyo alikasirika mno.

Kisa hicho hupendwa na wasimulizi, lakini kilichokuwa na uzito ni alichokifanya baada yake. Hakuacha kazi wala hakukimbilia siasa za jukwaani. Aliingia katika chama cha watumishi Waafrika wa Halmashauri, chama ambacho hadi hapo kilikuwa kama kilabu cha kuombea hisani, na mwaka 1952 wanachama wakamchagua kuwa rais wao. Akazunguka vituo vya kazi akiandikisha watu, wafagiaji na makarani pamoja, na punde akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, kilichoandikishwa kisheria. Wakubwa wa Halmashauri hawakufurahishwa, na ajira yake ikafikia mwisho. Wakati huo hakuwa amefika miaka 23.

Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU walikamatwa, na mwaka uliofuata KAU kikapigwa marufuku. Aprili 1954, katika msako ulioitwa Operesheni Anvil, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa Nairobi na kutiwa kizuizini. Siasa za Waafrika zikawa kama nyumba iliyofungwa milango. Ulibaki mlango mmoja mdogo: vyama vya wafanyakazi, ambavyo serikali iliviruhusu kwa kudhani vitashughulika na mishahara tu. Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo tangu 1953, aliupitia mlango huo. Alizungumzia mishahara, na ndani ya mishahara akazungumzia makazi, kipande, kufukuzwa kwa familia mjini, na kizuizi bila mashtaka. Ni nani angesema kwamba makazi ya mfanyakazi si shughuli ya chama cha wafanyakazi?

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Mombasa, Machi 1955, makuli wa bandari walipogoma. Alisafiri hadi pwani, akawashawishi warudi kazini, kisha akasimama mbele ya baraza la usuluhishi kuwatetea kwa hesabu za kodi ya nyumba na bei ya chakula. Makuli wakapata nyongeza. Habari hiyo ilienea haraka kando ya reli hadi Uganda, na mwaka 1958 shirikisho la kimataifa la vyama huru vya wafanyakazi, ambalo Mboya alikuwa mwakilishi wake katika eneo hili, lilifungua mjini Kampala chuo cha kuwafunza viongozi wa vyama vya Afrika.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo katika Ruskin College, Oxford, alirudi nyumbani mwishoni mwa 1956 na kugombea kiti cha Nairobi. Sheria ya uchaguzi ilikuwa ya ajabu. Mwenye elimu, mali au utumishi wa muda mrefu aliweza kupewa hadi kura tatu, maskini asiyesoma hakupata hata moja, na Mkikuyu alihitaji hati ya utiifu ili apige kura. Vyama vya siasa viliruhusiwa katika ngazi ya wilaya tu. Mpinzani wake mkuu, Argwings-Kodhek, alikuwa mwanasheria wa kwanza Mwafrika nchini humo, Mjaluo kama yeye, mtu jasiri aliyewatetea mahakamani washtakiwa wa Mau Mau. Kwa heshima na elimu, Kodhek alimpita. Mboya alikuwa na wanachama. Alishinda kwa tofauti isiyokuwa kubwa, kisha akaunda chama cha mji, People's Convention Party, kilichopangwa mtaa kwa mtaa.

Yaliyofuata yalikwenda kwa kasi. Wajumbe wanane walikataa nyadhifa za uwaziri walizotengewa wakidai viti zaidi. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza mjini Accra mkutano wa watu wa Afrika yote ulioitishwa na Kwame Nkrumah. Septemba 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani kwa fedha alizosaidia kuzichangisha huko, na mwaka uliofuata mpango huo ukapanuliwa hadi Uganda, Tanganyika na kwingineko. Wangari Maathai alikuwa mmoja wa walionufaika mwaka 1960.

Fedha hizohizo za Marekani, pamoja na zile za vyama vya wafanyakazi vya huko, zilimletea lawama ambazo hazikuwa za bure. Oginga Odinga na wengine waliuliza ni nani hasa anayemlipia, na jibu lake kwamba hata Odinga alipokea fedha kutoka Mashariki halikulifuta swali.

Hata hivyo wapiga kura walikuwa na kipimo chao. Februari 1961, katika Nairobi Mashariki ambako Wakikuyu walikuwa wengi, alipambana na Dk. Munyua Waiyaki, Mkikuyu wa familia mashuhuri, na baadhi ya viongozi wa chama chake mwenyewe cha KANU walitaka ashindwe. Alishinda kwa kishindo. Ushindi huo unastahili kuangaliwa kuliko ule wa 1957, kwa kuwa wafanyakazi walimpigia kura mtu wa kabila jingine dhidi ya mtu wao, kwa sababu ya kazi waliyoiona.

Katika serikali alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Sheria na Katiba, na hatimaye wa Mipango ya Uchumi. Ni yeye aliyesimamia waraka wa 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambao ndani yake ujamaa haukuwa mwingi. Machi 1966 huko Limuru, akiwa katibu mkuu wa KANU, aliuendesha kwa ustadi mkutano uliomwondoa Odinga katika umakamu wa rais wa chama. Wadhifa huo ukagawanywa kwa watu wanane. Kwa kazi hiyo aliwasaidia watu ambao, Odinga alipokwisha kutoka, hawakumhitaji tena yeye. Kenyatta alikuwa mzee, na swali la mrithi lilikuwa midomoni mwa watu. Mwaka 1968 likaletwa pendekezo la kubadili katiba ili rais asiwe na umri wa chini ya miaka 40. Mboya alikuwa na 37. Wabunge walilipinga, na umri ukawekwa 35, lakini kila mtu alielewa kipimo kile kilikatwa kwa ajili ya nani.

Argwings-Kodhek, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alifariki Januari 1969 katika ajali ya barabarani. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road. Alikuwa na miaka 38. Katika misa ya wafu, umati uliurushia mawe msafara wa Rais Kenyatta, na polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi nje ya kanisa. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa kabla ya mwaka kwisha. Aliyemtuma, kama alikuwapo, hakupata kufikishwa mahakamani.

Mboya alizikwa Rusinga, katika kaburi lililojengwa kwa umbo la risasi. Jijini Nairobi mtaa wa Victoria ukapewa jina lake, na tangu 2011 sanamu yake imesimama katika Moi Avenue, ambayo ndiyo ile Government Road ya zamani, hatua chache kutoka pale alipoanguka.