John Newton na Parishi ya Olney

Wapendwa, wimbo wa Neema ya Ajabu haukuanzia katika kanisa kuu. Ulianzia Olney, mji mdogo wa mashambani nchini Uingereza, ambako maskini wengi waliishi kwa kufuma lesi.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725. Alikuwa baharia aliyesafirisha Waafrika utumwani. Mwaka 1748 dhoruba kali ilimfanya amlilie Mungu, lakini hakuiacha kazi ile. Aliongoza safari tatu zaidi za meli za watumwa, hadi ugonjwa ulipomtoa baharini mwaka 1754.

Mwaka 1764 akawa mchungaji wa Olney. Aliwatembelea watu majumbani na kufundisha watoto, na kanisa likajaa hata ikabidi kuongeza roshani. Pamoja na rafiki yake, mshairi William Cowper, alitunga nyimbo kwa maneno mepesi ambayo wafuma lesi wangeyaelewa. Wimbo wa neema uliandaliwa kwa mahubiri ya Januari 1, 1773. Mwaka 1779 nyimbo zao 348 zilichapishwa.

Alikuwa amekwisha hamia London alipoandika, mwaka 1788, kukiri hadharani uovu wa biashara aliyoifanya. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku, naye akafariki Desemba hiyo. Mwaka 1893 mifupa yake ilirudishwa Olney.

Wanakwaya, Newton aliimba neema miaka 15 kabla ya kuyakiri hayo mbele ya watu. Tunaposherehekea jubilii, tuimbe kwa furaha, na ukweli tusiucheleweshe.