Mwana wa Profesa Aliyeshindwa na Hesabu, Akalala Nyeri

Wengi wetu tuliopitia skauti, iwe ni Mombasa, Lamu, Malindi au Tanga, tulifundishwa kupiga saluti kwa vidole vitatu, tukaambiwa kwamba mwanzilishi wa mambo hayo ni Lord Baden-Powell. Ni wachache wanaokumbuka kwamba bwana huyo amezikwa papa hapa Kenya, mjini Nyeri, mbele ya Mlima Kenya. Na wachache zaidi, hata kwa wenyeji wa Nyeri, ndio wanaokijua kisa ninachotaka kukisimulia leo: kwamba alipokuwa kijana wa miaka 19 alibisha hodi katika Chuo Kikuu cha Oxford akakataliwa, na moja katika yaliyomponza ni hesabu.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu ya kazi yangu. Nimesomesha hesabu miaka mingi, na kila mwaka mitihani ikikaribia nawaona vijana wa kidato cha nne wakikonda kama watu waliofunga Ramadhani mara mbili. Wazee wao hunijia barazani wakaniuliza: mtoto akianguka hesabu, ndiyo basi tena? Jibu la haraka sina. Lakini mzee huyu wa Nyeri ana jambo la kutuambia, japokuwa si lile ambalo wazee hao wangependa kulisikia.

NYUMBA YA WANAHESABU

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari, 1857. Sasa sikiliza ajabu ya kwanza. Baba yake, Mchungaji Baden Powell, alikuwa profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu hicho hicho cha Oxford, na kiti hicho alikikalia tangu mwaka 1827 mpaka kufa kwake mwaka 1860. Babu yake mzaa mama, Admirali Smyth, alikuwa mtu wa bahari na mjuzi wa elimu ya nyota. Mjomba wake, Piazzi Smyth, ndiye aliyekwenda Misri mwaka 1865 akaipima ile piramidi kubwa ya Giza kwa kamba na vipimo. Kwa hivyo kama hesabu ni kitu cha kurithiwa kama pua au rangi ya macho, kijana huyu angezaliwa nayo kichwani.

Lakini hakubahatika. Baba alipofariki Robert alikuwa na miaka mitatu tu, na mama, Henrietta Grace, akabaki na nyumba ya watoto. Mama huyu alikuwa mwanamke wa shoka, akajua kila mtu mwenye cheo aliyepata kukaa meza moja na marehemu mumewe. Jambo hili tuliweke kando, tutalihitaji baadaye.

Mwaka 1870 kijana aliingia shule ya Charterhouse, iliyokuwa London kisha ikahamia Godalming mwaka 1872. Huko alipendwa kwa mchezo wa kuigiza, kwa kuchora na kwa kulinda goli. Nyuma ya shule palikuwa na kichaka ambacho wanafunzi walikatazwa kukiingia, naye ndimo alimokuwa akijificha, akinyatia sungura na kuwapika kwa moto usiotoa moshi ili walimu wasimwone. Darasani mambo yalikuwa mengine. Ripoti za walimu wake zinajulikana, kwa kuwa mwenyewe hakuona haya kuzitangaza alipokuwa mtu mkubwa: yule wa hesabu aliandika kwamba kijana ameliacha kabisa somo hilo, na yule wa Kifaransa akalalamika kwamba ni mvivu na husinzia darasani. Mzazi wa siku hizi angeipokea ripoti hiyo angemtafutia mwanawe mwalimu wa jioni siku ile ile.

MTUNGAJI WA ELISI

Mwaka 1876 akaenda Oxford kujaribu bahati yake. Kaka zake wawili, George na Frank, walikuwa wamekwisha pita chuo cha Balliol, na mkuu wa Balliol, Benjamin Jowett, alikuwa rafiki wa baba yao. Jowett akamwangalia, akaona kwamba hafikii kipimo cha chuo chake. Kijana akajaribu Christ Church, na huko aliyempima hesabu alikuwa mtu ambaye wasomaji wengi mnamjua bila kujua kuwa mnamjua.

Jina lake Charles Dodgson. Alikuwa mwalimu wa hesabu chuoni hapo, mwenye kigugumizi na mwenye kupenda mafumbo. Lakini duniani anajulikana kwa jina la kalamu, Lewis Carroll, mtungaji wa hadithi ya msichana aliyeingia katika shimo la sungura, iliyotoka mwaka 1865. Hadithi hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, na tafsiri ikatoka mwaka 1940, wakati ambapo Baden-Powell alikuwa mzee aliyekwisha hamia Nyeri akingojea siku zake. Sina habari kama aliiona. Dodgson alimwuliza maswali yake na, kama Baden-Powell mwenyewe alivyosimulia uzeeni kwa mzaha, akagundua jambo ambalo mtahiniwa angeweza kumwambia mapema wasipoteze wakati, yaani kwamba katika hesabu hajui kitu. Mlango ukafungwa.

Hapa ndipo panapofaa kutulia. Mwana wa profesa wa jiometri ameanguka hesabu katika mji ule ule alimosomesha baba yake. Kwetu aibu kama hii ingemfanya kijana apande jahazi asionekane tena mtaani. Yeye miezi michache baadaye alikaa mtihani mwingine.

Mtihani huo ulikuwa wa kuingia jeshini kama ofisa. Mpaka mwaka 1871 vyeo vya maofisa wa askari wa miguu na wa farasi Uingereza vilikuwa vikinunuliwa kwa fedha taslimu, kama mtu anunuavyo shamba la minazi. Serikali ilipoufuta ununuzi huo ikaweka mtihani mmoja kwa wote, karatasi zile zile, siku zile zile, na anayepata alama nyingi ndiye anayetangulia. Watahiniwa walikuwa zaidi ya 700. Kijana aliyekataliwa Oxford akatokea wa pili katika orodha ya askari wa farasi! Akasamehewa masomo ya chuo cha maofisa cha Sandhurst, akapelekwa moja kwa moja India, akafika Lucknow kabla mwaka haujakwisha.

Alifauluje? Mtihani ule haukuwa wa hesabu peke yake, na mtu mwenye jicho la kuchora na ulimi wa kueleza mambo alikuwa na pa kushika. Mimi nadhani pia kwamba hakuwa na hofu. Nimewaona vijana wengi wanaojua kanuni zote lakini karatasi ikifunuliwa wanatetemeka. Yeye aliingia kama anayekwenda kucheza.

Na huko India ile hesabu aliyoikimbia ikamrudia kwa mlango wa nyuma. Maofisa walitakiwa kusoma upimaji wa ardhi na uchoraji wa ramani, na humo akafanya vizuri mno. Jiometri ya ubaoni ilikuwa imemlaza usingizi, lakini ya bondeni na mlimani aliipenda. Kitabu chake cha skauti cha mwaka 1908 kinamfundisha mtoto kupima urefu wa mti bila kuupanda. Tuseme una fimbo ya futi 6. Isimamishe futi 36 kutoka kwenye mti. Kisha rudi nyuma futi 4 zaidi, ulale chini, uangalie: kama ncha ya fimbo na kilele cha mti viko katika mstari mmoja, basi mti ni mara kumi ya fimbo, futi 60, kwa kuwa 40 ni mara kumi ya 4. Hizo ni pembetatu mbili zenye umbo moja, somo ambalo vijana wa kidato cha pili hulilia machozi. Mimi nimewatoa darasani mara nyingi, tukapima minazi kwa njia hiyo, na hakuna aliyesinzia.

POSHO YA MAFEKING

Jina lake lilivuma dunia nzima katika vita vya Makaburu. Tangu Oktoba 13, 1899 mpaka Mei 17, 1900, siku 217, alizingirwa ndani ya mji mdogo wa Mafeking, Afrika ya Kusini. Uingereza ilipopata habari kwamba mji umeokolewa watu walicheza ngoma barabarani London. Naye akawa meja jenerali akiwa na miaka 43.

Lakini kuzingirwa ni hesabu tupu: chakula kiasi gani, vinywa vingapi, siku ngapi. Na hesabu ya Baden-Powell ilikuwa na vinywa vya namna mbili. Wazungu walipewa posho yao. Waafrika walipewa pungufu, wakauziwa supu ya nyama ya farasi na uji uliotokana na makapi ya chakula cha farasi, na wale wakimbizi ambao hawakuwa wenyeji Wabarolong walinyimwa ili walazimike kutoka, wapenye katikati ya bunduki za Makaburu. Wengi walikufa kwa njaa. Aliyekuwamo mjini na kuandika shajara ya siku hizo ni Sol Plaatje, kijana Mwafrika aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1973, na asomaye humo haoni tena zile ngoma za London. Anayejua kugawa mirathi kwa thumni na sudusi anaelewa vizuri: mgao waweza kuwa sahihi mpaka senti ya mwisho, na bado ukawa dhuluma kwa kuwa kuna mwenye haki aliyeachwa nje ya orodha.

Wala si hayo tu. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, aliamuru mtemi Uwini aliyekuwa mateka apigwe risasi. Uchunguzi ukafanywa, akaachiliwa. Na huko huko Afrika ya Kusini skauti wake walikataa kuwapokea watoto Waafrika, wakaundiwa chama chao cha pembeni mwaka 1922.

NYERI

Skauti wenyewe alianza kuwajaribu kisiwani Brownsea mwezi wa Agosti, 1907, akiwa na wavulana kama 20, na mwaka 1910 walikuwa wamekwisha fika Kenya. Mengine ya chama hicho mnayajua.

Nyeri alivutwa na Eric Sherbrooke Walker, aliyepata kuwa katibu wake, ambaye pamoja na mkewe alijenga hoteli ya Outspan, kisha Treetops mwaka 1932. Katika uwanja wa Outspan mzee akajengewa nyumba ndogo inayoutazama mlima, akaiita Paxtu, maana ile ya Uingereza iliitwa Pax Hill. Yeye na mkewe Olave wakahamia mwaka 1938. Alikuwa mgonjwa wa moyo, akawa anachora ndege na wanyama na kuandika vijitabu.

Siku hizo hizo, mwendo mfupi kutoka barazani pake, palikuwa na vijana wenye mitihani yao. Kagumo ilikuwa imefunguliwa mwaka 1933, na Tumutumu, upande wa Karatina, ilikuwa shule ya misheni ya miaka mingi. Mwanafunzi mmoja wa Tumutumu alikuwa Dedan Kimathi, aliyezaliwa wilaya hiyo hiyo mwaka 1920, kijana mwepesi wa lugha ambaye ada ilimtaabisha mpaka masomo yakamkatikia njiani. Huyu hakuwa na rafiki wa marehemu baba aliye mkuu wa chuo, wala mtihani wa pili wa kukimbilia akianguka wa kwanza. Ndiyo maana wazee wakiniambia kwamba hata Baden-Powell alianguka hesabu akawa Lord, huwauliza kwanza mtoto wao ana milango mingapi. Nyeri leo kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na anayetaka uhandisi humo haingii bila hesabu.

Baden-Powell alifariki Paxtu tarehe 8 Januari, 1941, mwenye miaka 83. Amezikwa katika makaburi ya kanisa la St Peter's. Kimathi alihukumiwa katika mji huo huo wa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari, 1957, na kaburi lake halijulikani. La Baden-Powell ni rahisi kulipata: jiwe lina duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kwamba aliyetangulia amekwisha rudi nyumbani. Olave alifariki mwaka 1977, majivu yake yakaletwa hapo hapo. Kila mwezi wa Februari skauti hupanda Nyeri kwa mabasi, wengine kutoka huku kwetu Pwani, wakajipanga mbele ya jiwe hilo.