Chhotu Ram: Waziri aliyempigania mkulima mbele ya mkopeshaji

MIAKA ya 1920, mkulima wa Punjab, kaskazini-magharibi mwa India, aliweza kuvuna vizuri na bado akarudi nyumbani mikono mitupu. Ngano yake ilipofika sokoni ilipita kwenye mizani ya dalali, kisha yakaanza makato: ya mpimaji, ya mfagiaji, ya mpishi wa dalali, hata ya sadaka. Kilichosalia kilichukuliwa na mkopeshaji.

Ofisa wa serikali ya kikoloni, Malcolm Darling, alieleza hali hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1925. Kwa hesabu yake, wamiliki wa mashamba wasiokuwa na deni walikuwa kama asilimia 17 tu.

Mtu aliyejitosa kupambana na hali hiyo kwa njia ya sheria ni Chhotu Ram. Alizaliwa Novemba 24, 1881 katika kijiji cha Garhi Sampla, wilaya ya Rohtak, katika familia ya wakulima wadogo wa kabila la Jat. Inasimuliwa kwamba baba yake alipokwenda kuomba mkopo wa kumsomesha, mkopeshaji alimwamuru kwanza avute kamba ya feni ya dari ampepee, huku kijana akitazama.

Kijana huyo alisoma hata hivyo. Alimaliza Chuo cha St. Stephen's, Delhi, mwaka 1905, kwa msaada wa tajiri mmoja wa kabila lake, Chhaju Ram, kisha akasomea sheria na kufanya kazi ya uwakili mjini Rohtak. Mwaka 1916 alianzisha gazeti la Jat Gazette kwa ajili ya watu wa vijijini, na mwaka huohuo akaongoza chama cha Congress katika wilaya yake. Alijitoa mwaka 1920, kwa kutokubaliana na mpango wa Gandhi wa kuigomea serikali.

Mwaka 1923 alishirikiana na Fazl-i-Husain, kiongozi Mwislamu, kuunda chama cha Unionist. Chama hicho kiliwaunganisha wakulima Waislamu, Wahindu na Masingasinga, na hoja yake ilikuwa kwamba deni halichagui dini. Mwaka uliofuata Chhotu Ram akawa Waziri wa Kilimo wa jimbo.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929 uliporomosha bei ya ngano, lakini madeni hayakupungua hata kidogo. Sheria ya mwaka 1934, ambayo chama chake kiliipigania, iliunda mabaraza ya kupatanisha wadai na wadaiwa. Iliweka pia kanuni kwamba mahakama isimwamuru mkulima kulipa zaidi ya mara mbili ya fedha alizokopa.

Kazi kubwa ilikuja baada ya Unionist kushinda uchaguzi wa mwaka 1937, Chhotu Ram akiwa Waziri wa Maendeleo na baadaye wa Mapato. Mwaka 1938 wakopeshaji walitakiwa kujiandikisha na kukata leseni. Asiyekuwa nayo hakuweza kudai fedha zake mahakamani. Mwaka huohuo sheria nyingine iliruhusu mashamba yaliyowekwa rehani kabla ya Juni 8, 1901 yarudishwe kwa wenyewe. Mkopeshaji aliyekwishavuna faida ya mara mbili ya fedha zake hakulipwa fidia.

Kisha ikafuata sheria ya masoko ya mwaka 1939. Kila soko lilipaswa kuwa na kamati yenye wajumbe wakulima na wafanyabiashara. Madalali na wapimaji walipewa leseni, na makato yakawekewa mipaka.

Wakulima waliziita sheria hizo za dhahabu, na watu wa mjini wakaziita nyeusi. Wafanyabiashara walifunga maduka kupinga, wakidai wanaadhibiwa wote kwa makosa ya wachache. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Baadhi ya wakopeshaji walifunga mifuko, na mkulima mdogo aliyehitaji mbegu msimu ukianza akakosa pa kukopa. Pengo hilo lilizibwa na wakulima wakubwa, ambao nao walikopesha kwa riba na kuchukua ardhi za jirani zao. Aidha, sheria ya ardhi iliyokuwapo tangu mwaka 1900 ilitambua makabila fulani tu kuwa ya wakulima. Vibarua wa tabaka la chini waliolima mashamba ya wengine hawakuwamo, na wapangaji walinufaika kidogo.

Mtihani mgumu zaidi ulikuja mwaka 1943, njaa ilipoua watu kati ya milioni 2 na 3 huko Bengal. Serikali kuu ilitaka ngano ya Punjab kwa bei iliyodhibitiwa. Chhotu Ram alipinga, akisema mkulima aliyeachwa peke yake bei ilipoanguka hawezi kunyimwa bei ilipopanda. Kwa wakulima wake alikuwa shujaa, lakini kwa wenye njaa kila ongezeko la bei lilikuwa mzigo.

Siku zake za mwisho alishughulikia makubaliano na mtawala wa Bilaspur ili bwawa la Bhakra lijengwe. Alifariki mjini Lahore Januari 9, 1945. Mwaka uliofuata chama chake kilianguka katika uchaguzi, na mwaka 1947 Punjab ikagawanywa kati ya India na Pakistan kwa misingi ya dini. Bwawa lilizinduliwa mwaka 1963.

Masoko yenye kamati yalibaki. Serikali ya India ilipopitisha mwaka 2020 sheria za kuruhusu mazao yauzwe nje ya masoko hayo, wakulima wa Punjab na Haryana walipiga kambi pembezoni mwa Delhi kwa takriban mwaka mzima, wakihofia kuachwa peke yao mbele ya wanunuzi wakubwa. Sheria hizo zilifutwa mwishoni mwa mwaka 2021. Miaka zaidi ya 80 baada ya sheria ya Chhotu Ram, mkulima wa huko alikuwa bado anagombea jambo lilelile: nani asimamie mizani siku ya kuuza.