Colin Chapman: Aliyewafundisha Watu Kujiundia Gari la Mbio Nyumbani

Wembamba wa reli, gari la moshi hupita. Msemo huu tumeusikia tangu utotoni, lakini mimi binafsi sikuuzingatia sana mpaka nilipoyasoma maisha ya Mwingereza mmoja aitwaye Colin Chapman. Bwana huyu aliuchukua wembamba akaufanya elimu nzima. Aliunda magari mepesi kupita kiasi, yakayashinda magari ya matajiri, na akawawezesha watu wa mishahara midogo kujiundia magari kama hayo majumbani mwao. Kisha wembamba huohuo ukaja kumdai deni zito.

Nina sababu yangu ya kumfuatilia. Nilipokuwa kijana hapa Mombasa, mimi na mtoto wa ami yangu tulinunua gari kuukuu, tukaliweka uani chini ya mwembe. Pesa hatukuwa nazo, ila nguvu na usiku tulikuwa nazo. Tuling'oa viti vya nyuma na kila bati tuliloliona halina kazi. Tukaipeleka silinda hedi kukwanguliwa ili hewa na petroli vibanwe zaidi ndani ya injini. Gari lilichangamka ajabu. Yaliyotufika baadaye nitayaeleza hapo mbele, maana yanahusiana na habari hii.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei, 1928, karibu na London, akakulia kaskazini mwa mji huo, ambako baba yake aliendesha hoteli. Alisomea uhandisi wa majengo na madaraja katika Chuo Kikuu cha London. Elimu hiyo ndiyo iliyomtofautisha na makanika wengine, kwa kuwa mjenzi wa daraja hufundishwa kuuliza kila chuma kimebeba mzigo gani, na kama hakikubeba kitu, kwa nini kiwepo.

Akiwa bado mwanafunzi alifanya biashara ya kuuza magari yaliyotumika. Mwishoni mwa mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza iliufuta mgao wa petroli kwa wananchi wa kawaida. Mara magari yakakosa wanunuzi, na faida yote ya kijana huyo ikayeyuka. Akabaki na gari moja dogo lisilouzika, Austin Seven kuukuu.

Hazel Williams, msichana aliyekuja kuwa mkewe mwaka wa 1954, alikuwa na wazazi wenye banda la gari nyuma ya nyumba yao. Humo ndimo Chapman alimoliingiza lile Austin mwaka wa 1948. Alilivua bodi la zamani, akaliundia jingine la mbao nyembamba na bati la alumini, na Hazel akishika vyombo pamoja naye. Gari hilo lilishiriki mashindano ya kupanda vilima vya matope, likafanya vyema, naye akaliita Lotus. Kwa nini alichagua jina hilo, hakulieleza hadharani mpaka anakufa.

Mwaka wa 1951 alijitoma katika mbio za magari madogo yaliyotokana na Austin Seven. Hapo alionyesha jinsi injini ndogo inavyoweza kuongezwa nguvu bila kubadilishwa. Injini ile ilikuwa na silinda nne lakini matundu mawili tu ya kuvutia hewa, kila silinda mbili zikigombania tundu moja. Ni kama nyumba ya vyumba vinne yenye milango miwili. Chapman alitia kizuizi chembamba ndani ya kila tundu, na bomba la kuingizia hewa akalipasua vivyo hivyo, hata kila silinda ikapata njia yake ya kupumua. Wenzake waliachwa nyuma kabisa. Baadaye wasimamizi wa mbio wakaipiga marufuku hila hiyo.

Watu wakaanza kumwendea awaundie na wao. Januari 1952 alifungua kampuni yake katika mabanda yaliyokuwa ya farasi, nyuma ya hoteli ya baba yake. Mtaji ulikuwa paundi 25 alizokopeshwa na Hazel. Mchana Chapman alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya alumini, na usiku alikuwa kwenye karakana yake.

Gari lililomtoa ni Lotus Mark VI. Hili hakuliuza likiwa zima. Aliuza mifupa yake, yaani fremu ya mabomba membamba ya chuma, pamoja na mabati ya alumini ya kuifunika. Mnunuzi alitafuta mwenyewe Ford kuukuu, akatoa injini, giaboksi na ekseli, kisha akavifunga uani kwake. Hata ekseli ya mbele ya Ford haikutupwa. Ilikatwa katikati, ikatiwa bawaba, kila gurudumu likawa linapanda na kushuka peke yake.

Msomaji aliyewahi kutazama kenchi za paa la nyumba ataifahamu fremu hiyo mara moja. Seremala haweki boriti nene kila mahali. Huzifunga mbao nyembamba kwa pembetatu, na pembetatu haipindi. Chapman alifanya hivyo kwa mabomba. Fremu tupu ilikuwa na uzito wa kilo 25 hivi, kama nusu ya gunia la mchele, na ilikuwa imara kuliko chasisi nyingi nzito. Na fremu ikiwa imara, springi zaweza kuwa laini, matairi yakaishika barabara vizuri zaidi. Magari zaidi ya 100 ya namna hiyo yaliundwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Serikali ya Uingereza ilitoza kodi kubwa kwa kila gari jipya lililouzwa likiwa zima, lakini haikutoza kodi hiyo kwa vipande. Basi aliyekuwa tayari kuchafua mikono aliokoa fedha nyingi. Yasimuliwa kuwa sheria haikuruhusu vipande viuzwe pamoja na maelezo ya kuviunga, kwa hiyo wanunuzi walipewa maelezo ya kulifungua gari, wakayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo!

Mwaka wa 1957 likatoka Lotus Seven, lenye uzito wa kilo 500 hivi. Injini yake ya Ford ilikuwa na nguvu za farasi kama 40 tu, lakini kwenye kona magari makubwa yalipata taabu nalo. Mwenye kipato kidogo alianza na injini hiyo. Alipopata fedha zaidi aliongeza kabureta, au akafunga injini ya Coventry Climax yenye nguvu za farasi kama 75. Injini hiyo asili yake ilikuwa ya pampu ya kuzimia moto, ikafanywa nyepesi ili wazima moto waweze kuibeba kwa mikono. Hapo tena wepesi ukamfaa Chapman.

Umaarufu wake ulienea upesi. Kampuni ya Ford ilimpa gari la Cortina alitie injini kali, na Lotus Cortina likatoka mwaka wa 1963. Sisi wa Afrika Mashariki Cortina tulilijua sana, kwani ndugu yake, Cortina GT la Peter Hughes, ndilo lililoshinda Safari mwaka wa 1964. Katika mbio kuu za dunia timu ya Lotus ilitwaa ubingwa wa waundaji mara saba kati ya mwaka wa 1963 na 1978. Mwaka wa 1965 Jim Clark alishinda Indianapolis kule Marekani kwa gari la Chapman. Kila gari lake liliposhinda, Chapman alirusha kofia yake hewani.

Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali. Kila mwaka palitafutwa kilo nyingine ya kupunguza. Mwaka wa 1960 gurudumu la Lotus ya Stirling Moss lilichomoka huko Ubelgiji, naye akavunjika vibaya. Mei 1969, huko Barcelona, mabawa yaliyofungwa juu ya magari ya Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika katika mbio zilezile, na yote mawili yakaanguka. Rindt alimwandikia Chapman barua, akamweleza kuwa magari yake yana kasi ya kutosha, hata kilo chache zikiongezwa kuimarisha sehemu dhaifu yataendelea kushinda. Tarehe 5 Septemba, 1970, Rindt alifariki huko Monza, katika mazoezi. Wachunguzi waliona kuwa chuma cha breki ya mbele kilikuwa kimekatika. Mwaka huo alitangazwa bingwa wa dunia akiwa kaburini.

Nilipofika hapo katika maisha ya Chapman nilikifunga kitabu kwa muda. Niliikumbuka siku mimi na mtoto wa ami yangu tulipokuwa tukiteremka Mazeras na gari letu la uani. Tuliongeza nguvu, tukapunguza uzito, lakini breki tuliziacha zilezile za zamani. Katikati ya mteremko kanyagio lilizama mpaka chini bila kushika kitu. Kichaka cha kando ya barabara ndicho kilichotupokea. Mwenzangu alivunjika mkono, mimi nikatoka na mikwaruzo. Hatukuwa na wa kumlaumu ila nafsi zetu, na tulimshukuru Mungu kwamba hatukumgonga mtu.

Chapman hakuishi sana. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 16 Desemba, 1982, akiwa na miaka 54. Nyuma yake iliachwa kashfa ya mamilioni ya fedha zilizopotea katika mradi wa gari la DeLorean uliogharimiwa na serikali ya Uingereza. Mwaka wa 1992 mhasibu wake alifungwa jela, na hakimu alieleza kuwa lau Chapman angalikuwa hai, kifungo chake kisingalipungua miaka kumi.

Lotus Seven halikufa naye. Mwaka wa 1973 kampuni ya Caterham ililinunua, na hadi leo yauzwa kwa vipande, na watu wayaunda majumbani. Kwa hiyo kijana anayenijia akitaka shauri kuhusu gari lake la uani simkatazi. Namwambia aanze na breki na usukani, kisha springi na matairi, na injini aiache mwisho. Na kila chuma anachotaka kukipunguza, kwanza ajiulize ni nani atakayeketi juu yake.