Tharia Topan na Hospitali ya Maskini



Vijana wenzangu, na wazazi wetu mnaosoma kurasa hizi baada ya futari, kila Ramadhan tunakumbushwa juu ya sadaka yenye kuendelea, ile ambayo mtu anafariki na thawabu zake bado zinamfikia. Mifano tunayoizoea ni kisima na msikiti. Leo natuangalie hospitali. Na mtu mwenyewe hatumtoi mbali, ni wa hapa hapa Afrika Mashariki: Tharia Topan wa Zanzibar.

Tharia alizaliwa mwaka 1823 huko Kutch, magharibi mwa India, katika jamii ya Makhoja wa Ismailia. Alifika Unguja akiwa mvulana tu, hana mali wala jina. Akapata kazi katika kampuni ya Jairam Shivji. Hii ndiyo kampuni iliyokuwa imekodi forodha ya Zanzibar: inamlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, halafu ushuru inakusanya yenyewe. Kijana akaanzia chini kabisa, akajifunza hesabu na biashara, akapanda. Baadaye akafungua biashara yake mwenyewe, na mwaka 1876 Sultan Barghash akampa yeye forodha ile ile. Hebu fikiria, aliyeingia kama mtumwa-kazi wa dukani sasa ndiye mwenye kushika ushuru wa nchi nzima!

Utajiri wake ulitoka wapi? Karafuu, nguo, pembe za ndovu, na kukopesha. Wafanyabiashara wa misafara walichukua bidhaa kwake kwa mkopo, wakaenda bara, wakarudi na pembe kulipa deni. Mmoja wao alikuwa Tippu Tip. Hapa tuseme ukweli, kwa sababu kusifu bila kupima si elimu. Biashara ya Tippu Tip ya pembe haikuwa mbali na biashara ya watumwa, na fedha za kuanzishia safari zilitoka kwa matajiri wa Unguja. Mwaka 1890 Malkia Victoria alimpa Tharia cheo cha Sir, na sababu mojawapo ilikuwa kusaidia kupinga utumwa. Mambo yote mawili yamo katika maisha ya mtu mmoja. Hukumu yake iko kwa Mwenyezi Mungu (S.W.), lakini sisi tusifumbe macho. Hata huku kwetu misafara ya pwani ilifika, ikipiga kambi Mumias kwa Nabongo Mumia, na Uislamu nao ukaja kwa njia hizo hizo.

Sasa tuje kwenye hospitali. Mji wa Zanzibar wa wakati ule ulikuwa na mali nyingi na maradhi mengi. Kipindupindu cha 1869 hadi 1870 kiliua maelfu. Matajiri walikaa majumba ya mawe upande wa bahari, na maskini wengi walikaa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, kwenye nyumba za udongo na makuti. Mwaka 1887, katika kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya hisani kwa ajili ya maskini. Mahali alipochagua ni Mizingani, ukingoni mwa bahari, karibu na bandari.

Jengo lenyewe lilikuwa la fahari. Ghorofa juu ya ghorofa, mawe ya matumbawe na chokaa, misaji kutoka India, na mafundi wakaletwa kutoka India pia. Mbele kuna baraza za mbao zilizochongwa kwa ustadi. Katikati kuna ua, na vyumba vinauzunguka, kwa hiyo mwanga na hewa vinapata njia ya kuingia ndani. Ukimjengea maskini, kumbe si lazima umpe chumba cha giza.

Lakini umri una mwisho. Tharia alirudi India, na mwaka 1891 akafariki, jengo halijaisha. Mjane wake, Lady Janbai, akaendelea nalo mpaka likakamilika mwaka 1894. Hospitali ile kubwa aliyoikusudia mumewe haikusimama. Karibu na mwaka 1900 jengo likauzwa.

Hapa ndipo penye funzo. Aliyenunua alikuwa mfanyabiashara mwingine wa Kihindi, Nasser Nurmohamed, Khoja wa Ithnaasheri. Yeye hakujaribu hospitali kubwa. Alifungua dispensari ya hisani katika sehemu ya jengo, na sehemu iliyobaki ikawa nyumba za kukaa watu. Dispensari hiyo ndogo ndiyo iliyowapa watu dawa kwa miaka mingi, na ndiyo iliyolipa jengo jina lake mpaka leo: Dispensari ya Zamani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jengo likaingia mikononi mwa serikali, likachakaa. Mwaka 1990 likakabidhiwa shirika la utamaduni la Aga Khan, likakarabatiwa. Sasa watalii wanalipiga picha, lakini mgonjwa hapati dawa pale.

Basi ndugu zangu, sisi wa Kitale na Bungoma tunachukua nini? Tunapenda sana harambee ya kujenga. Ukisema mawe, mabati na rangi, watu wanatoa. Lakini ukitaka kujenga kliniki Kipsongo, au Tuwan, au Mandizini kule Bungoma, jengo ni mwanzo tu. Nani atamlipa nesi mwaka wa tatu? Dawa zikiisha mwezi wa pili, zitanunuliwa na nini? Mama mwenye mtoto mgonjwa hatibiwi na ukuta.

Wazee wetu katika Uislamu walilijua hili. Sultan Qalawun alipojenga hospitali Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu, yaani mali ambazo kodi yake ilikuwa inalipa madaktari, dawa na chakula cha wagonjwa, awe mgonjwa tajiri au maskini. Ilitibu watu karne nyingi baada ya yeye kufa. Kwetu sisi wakfu unaweza kuwa vyumba vitatu vya kukodisha karibu na soko, au shamba la mahindi la ekari mbili Trans Nzoia, mavuno yake yote yakaenda kwa dawa. Tuanze na chumba kimoja chenye dirisha kubwa, nesi mmoja na kodi ya kumlipa. Kikiimarika, tutaongeza cha pili.

Tharia Topan alikuwa na fedha kuliko sisi sote tukichangishwa pamoja, na nia yake ilisubiri mtu mwingine aje aitimize kwa udogo. Kwa hiyo tukitoa mwezi huu, tutoe na ya kuendeshea.

Allah (S.W.) azikubali funga zetu na sadaka zetu, awaponye wagonjwa wetu, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Ramadhan Karim.